Mkeka wa kadi za picha, baada ya miezi kumi na moja

Mimi ni fundi redio. Kazi yangu ni kufungua vitu ambavyo watu wamevinunua kwa mbwembwe na kuona ndani kuna nini, kwa hiyo nitaanza na kifaa chenyewe kabla sijasema kimetufanyia nini nyumbani.

Ni sanduku la kadibodi. Ndani mna mkeka wa zulia jepesi, ukubwa wake kama gazeti lililofunuliwa, kadi za picha mia moja na ishirini zenye kipande cha velkro, ile tepe ya kunasana, mgongoni, kadi tatu kubwa za nyuso, na kijitabu cha maelekezo ambacho kingekatwa nusu na hakuna ambaye angeona pengo. Nyuso hubandikwa juu ya mkeka: kushoto ya kupenda, kulia ya kutopenda, katikati ya si kupenda wala kutopenda. Kadi ya mada unaibandika chini. Halafu unamwonyesha mtoto kadi moja moja, naye anakuonyesha ikae chini ya uso upi. Mkimaliza, maoni yake yote yamelala mbele yenu kwa picha, na mnaweza kuyapitia upya pamoja. Basi. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna cha kuungua.

Binti yangu ana miaka tisa. Ana mtindio wa ubongo, ile aina ambayo misuli haitulii. Akitaka kunyoosha mkono, mkono unakwenda unakotaka wenyewe, mguu unarushwa na kichwa kinageuka, na kadiri anavyokitamani kitu ndivyo mwili unavyozidi kumkatalia. Hasemi kwa mdomo. Anasikia, anaelewa, na anacheka mzaha kabla ya kaka yake. Ndiyo yake ni kutazama juu, hapana yake ni kufumba macho kwa nguvu. Kabla ya sanduku hili mimi ndiye nilikuwa mkalimani wake. Mtu akimuuliza jambo, jibu lilitoka kwangu: hiki anapenda, kile hataki, yule anamwogopa. Nilijisifu sana kwa kazi hiyo. Hebu fikiria mkalimani ambaye hakuna mtu duniani anayeweza kumkosoa!

Wazo la mkeka si la kampuni iliyotuuzia. Lilizaliwa Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Stirling, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa mtaalamu wa tiba ya usemi aitwaye Joan Murphy, na huko unaitwa Talking Mats. Wana mafunzo yao, wana hata toleo la kwenye kishikwambi, na siku hizi hutumiwa pia na wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Sanduku letu ni la kuiga. Limetengenezwa na watu wengine ambao sitawataja, maana nina maneno nao.

Niyaseme hapa niyamalize. Velkro imebandikwa kwa gundi ya kubahatisha. Wiki ya tatu vipande vilianza kubaki mkekani huku kadi ikinijia mkononi peke yake. Mtoto ambaye mkono wake huruka bila taarifa akiupiga huo mkeka, kadi zinatawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na mazungumzo ya nusu saa yamekwenda na maji. Nimezishona zote mia moja na ishirini kwa uzi wa nailoni, kazi ya Jumapili mbili. Kadi nazo zimepakwa plastiki inayong'aa. Jioni taa ikiwa juu, mtoto haoni picha, anaona taa. Nikazipitishia msasa laini, sasa hazing'ai.

Kosa la tatu halitengenezeki kwa msasa. Uso wa kutopenda umechorwa ukilia, machozi mawili makubwa yanadondoka. Nani aliwaambia kwamba kutopenda kitu ni kulia? Siku za kwanza binti yangu alikuwa akiukwepa kabisa upande ule, kila kadi inaishia katikati, nami nikadhani hajaelewa mchezo. Mtaalamu wetu wa tiba ya usemi ndiye aliyegundua: mtoto huyu amesifiwa maisha yake yote kwa kuwa hasumbui, halii, anatabasamu na wageni. Utamtakaje leo akajitie machozi kwa hiari yake? Tukaitoa sura ile, tukabandika kidole gumba kilichoinamishwa chini. Siku ileile kadi nne zilihamia kulia.

Moja ya hizo nne ilikuwa redio.

Nieleze kidogo. Meza yangu ya kazi iko nyumbani, na tangu binti yangu akiwa na miaka minne, asubuhi nikianza kazi nilikuwa nakileta kiti chake cha magurudumu karibu na meza. Nikiwasha redio, anapiga yowe, miguu inatupwa, mikono inapanuka. Nikawaambia watu wote, huyu kamfuata baba yake, akisikia redio tu anafurahi hivyo. Mgeni akifika nilikuwa namwashia makusudi ili aone.

Sasa kadi ya redio iko mbele yake. Macho yakapita kupenda, yakapita katikati, yakatua kulia. Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, umekosea, hii ni redio." Akafumba macho. Nikaisogeza kadi kushoto kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyepotea njia. Akafumba macho mpaka paji la uso likakunjamana. Kanuni moja ambayo mtaalamu ametuwekea ni kwamba ukishauliza huna ruhusa ya kusahihisha jibu, unabandika pale ulipoambiwa. Nikabandika.

Usiku ule sikulala vizuri, na sababu yenyewe ilikuwa ya kifundi: nilidhani kifaa kina hitilafu. Huenda macho yake yanachoka na kuangukia kulia tu. Asubuhi nikazibadilisha nyuso, kupenda kulia na kutopenda kushoto, nikarudia mada ileile kwa mpangilio mwingine wa kadi. Redio ikaenda kushoto. Siku mbili baadaye mama yake akarudia mimi nikiwa nje. Redio ikaenda kutopenda.

Hapo sanduku lilifika mwisho wa uwezo wake, kwa sababu lina kadi moja tu ya redio, na ukibaki na kadi moja utapata jibu la jumla. Nilitaka kujua ni nini hasa kwenye redio. Nikatengeneza kadi zangu: nyimbo, habari, mpira, redio iliyofunguliwa ikiwa mezani, kukaa mezani na baba. Ya mwisho nikachora redio yenye mistari ya kukatikakatika, nikawasha spika na kuzungusha kitufe polepole katikati ya stesheni mpaka ile filimbi ikalia, nikamwonyesha mchoro: "Hii ni hii." Akapiga yowe lile lile, miguu ile ile. Kwa mara ya kwanza nilimtazama uso wakati wa yowe badala ya kutazama redio.

Nyimbo: kupenda. Habari: katikati, na nani atamlaumu. Kukaa mezani na baba: kupenda, macho yalishafika huko kabla sijaishusha kadi. Filimbi ya kutafuta stesheni: kutopenda, nilipouliza kama hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, akatazama juu mpaka nikaona weupe wa macho.

Mtaalamu alipopata habari hakushangaa. Watoto wengi wenye aina hii ya ulemavu hushtuliwa mwili mzima na sauti ya ghafla, mikono inafunguka yenyewe wasiweze kuizuia. Miaka mitano nilikuwa nikiuita mshtuko furaha. Siku hizi nikitafuta stesheni naweka visikizi masikioni, na kiti chake bado kiko karibu na meza yangu, kwa idhini yake.

Kabla hujakimbilia kununua, kuna jambo la kumshika mtoto mkono. Kijitabu cha sanduku, ukurasa wa kumi na mbili, kinasema mtoto ambaye mkono wake hautulii "asaidiwe" kuupeleka kwenye kadi. Nikamsaidia. Ilikuwa tamu ajabu! Mkono wangu chini ya wake, majibu yanatoka haraka, na yote yana busara. Tuliposema tunafanya hivyo, mtaalamu aliuweka chini mfuko wake na kutusimulia kuhusu njia iliyovuma sana Marekani miaka ya mwanzo ya 1990, ya kumshika mtu asiyesema mkono au kiwiko ili achape herufi. Familia zililia kwa furaha, watoto wakaandika mpaka mashairi. Kisha watafiti wakafanya jaribio rahisi: mtoto anaonyeshwa picha moja, msaidizi anaonyeshwa nyingine, bila wao kujua kwamba zinatofautiana. Jina lililoandikwa likawa la picha aliyoiona msaidizi, mara kwa mara. Wasaidizi wenyewe hawakuwa waongo. Mikono yao ilikuwa ikijibu bila wao kujua.

Fundi hawezi kusikia jaribio la namna hiyo akaliacha. Jumamosi nikageukia ukutani, mama yake akamwonyesha kadi moja na kuirudisha kwenye kundi la kadi tatu. Nikageuka, nikamshika mkono, nikamwambia anionyeshe aliyoiona. Tulirudia mara nane. Mara mbili tu tulipata, na hizo ni chini ya kubahatisha. Ninachokumbuka zaidi ni hisia yenyewe, maana kila mara nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimesikia mkono wake ukinivuta. Kisha nikakaa mbali, mikono nimeikalia, nikasoma macho peke yake. Mara nane, nikapata saba. Ule ukurasa wa kumi na mbili nimeuchana. Ikiwa nawe una sanduku kama hili, uchane.

Na hata macho yana mtego wake. Ukiegemea mbele kadi inapokaribia upande unaoutaka, mtoto anakusoma. Ukivuta pumzi, anakusoma. Watoto hawa wametumia maisha yao yote kututazama, kwa sababu hawana kazi nyingine ya kufanya tunapozungumza juu ya vichwa vyao, na wanatujua kuliko tunavyojijua. Mimi sasa naishika kadi katikati, mbele ya kifua changu, natazama pua yake, nahesabu kimya mpaka kumi na tano. Ukijaribu utaona kumi na tano ni nyingi kiasi gani. Majibu ya binti yangu huja kwenye tisa au kumi. Zamani nilikuwa nauliza tena kwenye tatu, na yeye anaanza upya.

Turudi sandukuni. Nimesema kadi ni mia moja na ishirini. Wanyama wanne wa porini wamo, puto limo, ndege ya kivita imo. Hamna kadi ya maumivu. Hamna ya aibu, ya kuchoka na watu, ya kutaka faragha. Hamna sehemu za siri za mwili, na hamna picha ya mtu anayemgusa mtoto asipotaka kuguswa. Watoto wote waliochorwa wamesimama. Kiti cha magurudumu kipo, kitupu, kama samani inayosubiri mnunuzi. Mtu alikaa mezani akaamua mtoto asiyesema atahitaji kuzungumzia nini maishani mwake, akafikia puto.

Hili la sehemu za siri limewafanya ndugu zangu wawili waninunie, nami narudia. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti nyingi, uliofanywa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, ulioonyesha kwamba watoto wenye ulemavu wako kwenye hatari ya kufanyiwa ukatili karibu mara 3.7 ya wenzao. Binti yangu huvalishwa, huogeshwa na kubebwa na watu wazima, na kila mwaka wako wapya. Mtoto mwenye ulimi atasema, hata kwa kubabaika. Mtoto wa kadi hawezi kusema kisicho na kadi. Tumechora sisi wenyewe, mimi na mama yake, michoro mibaya lakini inaeleweka, na zinakaa sandukuni pamoja na nyingine, kwa maana zikitolewa siku ya tuhuma tu zitakuwa zimechelewa.

Kwa sababu hiyo pia tuna kadi tatu za nyongeza ambazo hazitoki mkekani kamwe: kitu kingine, sitaki kuzungumzia hili, na nimechoka. Hiyo ya "kitu kingine" ndiyo inayotumika kuliko zote. Akiitazama, tunaanza kubahatisha kwa makundi: ni mtu? ni mahali? ni jambo la leo? Wakati mwingine inachukua dakika ishirini. Wakati mwingine tunashindwa, ananiangalia kama ninavyomwangalia mteja aliyeniletea redio iliyodumbukia majini, tunaacha, tunaendelea kesho.

Watu huniuliza kwa nini nisitafute kishikwambi kinachosoma macho. Tuliazimwa kimoja wiki mbili. Nilikifungua kwa jicho tu, kwa kuwa mwenyewe alinionya nisiguse bisibisi: chini ya skrini kuna taa ndogo za miali isiyoonekana na kamera, miali inagonga jicho, kamera inasoma mng'ao wake, kompyuta inakokotoa jicho linatazama wapi. Ni kazi safi ya uhandisi. Karibu na dirisha lenye jua ilikuwa inapotea kabisa, kwa sababu jua nalo lina miali hiyo hiyo, na kichwa cha binti yangu kikigeuka ghafla ilibidi isubiriwe impate tena. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima anayesoma taarifa ya habari, jambo ambalo kaka yake aliliona la kuchekesha kupita kiasi na yeye mwenyewe hata kidogo. Lakini nisikionee. Siku ya tano, mimi nikiwa chumba kingine, ile sauti ya taarifa ya habari iliniita: "Baba. Baba. Njoo." Nilikwenda mbio nikidhani ameanguka. Hakuwa na shida yoyote. Aliita kwa sababu aliweza kuita.

Mkeka hauwezi hilo, na ndiyo kasoro yake kubwa kupita velkro na machozi. Hauanzishi mazungumzo. Unakaa sandukuni mpaka mtu mzima aamue leo tuna nafasi, na mtu mzima huyohuyo ndiye huchagua mada. Tumeupunguzia ubaya kwa njia mbili. Picha ndogo ya mkeka nimeibandika kwenye meza ya kiti chake, akiikazia macho na kurudi kututazama, anautaka. Na tunaanza kwa kadi za mada zenyewe: yeye ndiye anachagua tuzungumzie nini. Mara ya kwanza nilitandaza mada sita, akachagua "usiku". Nisingechagua usiku hata kwa mwaka mzima. Ikawa hataki mlango ufungwe.

Kitu cha tatu, ambacho nakipendekeza kwa yeyote, ni ubao wa macho: kipande cha plastiki angavu kilichotobolewa katikati, picha zimebandikwa kwenye pembe. Unakishika baina ya nyuso zenu, yeye anatazama pembe, nawe unaona macho yameelekea wapi kupitia plastiki. Nilikikata mwenyewe kwa msumeno mdogo kutoka kifuniko cha taa. Ni kizuri kwa maswali ya haraka, na sasa ameanza kujifunza herufi nazo zimehamia pembeni. Stephen Hawking, yule mwanafizikia wa Uingereza aliyepooza, kabla ya ile kompyuta yake ya kumsemea, alipopoteza sauti kwa upasuaji wa koo mwaka 1985, alikuwa akiandika kwa kuinua nyusi mtu akigusa herufi sahihi kwenye kadi. Herufi ndizo kadi pekee ambazo hakuna fundi wala kampuni anayemwamulia zihusu nini. Hatujafika huko. Anajua kumi na moja.

Niseme sasa kuhusu mkutano, maana wengi wanaonunua mkeka wananunua kwa ajili ya mikutano. Shuleni kwake, ambako sitakutaja, walikuwa wakimtoa darasani kwa mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki. Kwenye mkeka wa mada "shule" aliweka mazoezi katikati, mwalimu kupenda, na hadithi kupenda, halafu akang'ang'ania "kitu kingine" mpaka tukafika: mazoezi yanaangukia saa ya hadithi. Kila hadithi iliyosomwa mwaka ule aliisikia mwanzo, hakuijua ilikoishia. Tukatengeneza kadi: kutolewa wakati wa hadithi. Upande wa kulia, bila kusita.

Nikaupiga picha mkeka, nikaipeleka kwenye kikao cha mipango yake. Watu saba mezani. Picha ikazunguka, wote wakaipenda. "Inavutia sana," akasema mmoja, "na rangi zake nzuri." Wakaniuliza kadi zinapatikana wapi. Kisha wakaendelea na ajenda ya pili. Mama yake akanigusa mguu chini ya meza. Nikasema samahani, tumemsikia au tumeiona picha? Kimya. Mwenyekiti akaeleza kwa upole kwamba ratiba ya mtaalamu wa mazoezi ni ngumu, na kwamba mtoto kwa umri wake huenda hajui umuhimu wa mazoezi. Nikamwambia mtoto hajakataa mazoezi, ameyaweka katikati, tazama hapo. Amekataa saa.

Nilikuwa nimejiandaa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na maoni hayo yapewe uzito. Ule wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, kifungu cha 7, unaongeza kwamba mtoto mwenye ulemavu apewe msaada unaofaa ulemavu wake na umri wake ili aweze kuitumia haki hiyo. Nilivisoma vyote viwili, sauti ikitetemeka kidogo. Sidhani kama ndivyo vilivyofanya kazi. Aliyefanya kazi ni mwalimu wake, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza kwa nini yeye asihamishe hadithi badala ya wao kuhamisha mazoezi. Ilichukua dakika mbili. Kuna profesa wa Belfast, Laura Lundy, aliyeandika mwaka 2007 kwamba sauti peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji nafasi ya kusema, sauti, watu wa kumsikiliza, na maoni yake yabadilishe kitu. Sanduku letu linauza hiyo ya pili na kusaidia kidogo ya kwanza. Mbili zilizobaki hazimo, usizitafute chini ya kijitabu.

Mwezi uliopita, nilipoanza kuandika haya, mama yake alinishangaa. "Baba watoto, unaandika maoni ya kifaa chake, umemuuliza mwenyewe?" Sikuwa nimemuuliza.

Nikachora kadi mpya, mada: mkeka. Nikamwuliza kuhusu kadi kubwa, kadi ndogo, michoro ya baba (katikati, asante), kuongea na mama, kuongea na baba, kuchagua mada, kuhesabu mpaka kumi na tano. Nyingi zilikwenda kupenda. Michoro ya kampuni ilikwenda kulia. Mkeka wenyewe, kwa ujumla, akauweka katikati, na nilipouliza kama ni katikati ya "sijui" au katikati ya "kuna jambo", akachagua kuna jambo. Nikamwonyesha "kitu kingine", akatazama juu. Ni mtu? Macho yakafumbwa. Ni mahali? Yakafumbwa. Ni kitu? Juu. Kiko hapa? Juu. Macho yakanitoka mimi, yakashuka mpaka mfuko wa shati langu, yakabaki hapo.

Simu. Nilikuwa naupiga picha kila mkeka, kila mara, na kuzituma kwa mashangazi, kwa walimu, kwa yeyote aliyeuliza anaendeleaje. Nikachora simu yenye jicho. Upande wa kulia. Nikauliza: nisipige kabisa, au nikuulize kwanza? Nikaweka kadi mbili, nikatazama pua yake, nikahesabu. Kwenye tisa alikwenda kwa ya pili.

Kwa hiyo maoni haya hayana picha. Nilimuuliza jana, akafumba macho.